Ukuta unameguka na wakwe wanakuja: stika za marumaru zitanisitiri?

*"Assalamu alaykum. Nyumba yetu iko Chake Chake. Aliijenga marehemu baba kwa matofali na plasta ya simenti, na mchanga wakati ule waliuchota pwani. Binti yangu anaolewa mfungo sita na upande wa mume watapokelewa ukumbini kwetu. Ukumbi ni futi 12 kwa 14, una dirisha moja, taa moja katikati ya dari na makochi ya zamani. Kila masika rangi ya chini inabambuka mpaka magotini na ukuta unatoa unga mweupe. Tumepaka rangi mara tatu, inarudi vilevile. Binti ameshanunua roli mbili za stika za marumaru na taa za utepe zinazobadilika rangi, ameziona kwenye simu. Fundi mmoja anasema tupige simenti ya kuzuia maji au tubandike vigae mpaka kiunoni. Nina laki tano na miezi mitatu. Nataka nyumba ionekane ya kifahari, siyo ya watu waliopapatika dakika ya mwisho. Nianzie wapi?"*

Waalaykumu ssalaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu aijaalie harusi hiyo iwe ya kheri. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unauliza mapambo. Mara ya pili nikaona unauliza sitara: wageni wa upande wa pili wataingia, watazungusha macho, na hutaki macho yao yakwame pale chini ya kochi ambapo rangi inaning'inia kama magamba ya changu. Hilo nalielewa vizuri, na wala si jambo la kuonea haya.

Kwa ufupi kabla sijaingia ndani: stika usibandike ukutani, vigae vya kiunoni usikubali, na laki tano zako zitatosha iwapo fungu kubwa utaliweka mahali ambapo hakuna mgeni atakayekusifia. Namaanisha ukuta wenyewe. Baada yake inakuja taa, na mapambo ni ya mwisho kabisa.

Najua binti atanuna, kwa hiyo hebu nianze na yeye. Picha za kwenye simu zimetufundisha kwamba ufahari ni kung'aa: dhahabu, vioo, marumaru, taa za zambarau. Lakini ingieni siku moja, nyinyi wawili, katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe ambayo bado haijachezewa. Chumba ni chembamba, mara nyingi hakizidi kiasi cha mita tatu, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti hazikupatikana ndefu zaidi ya hapo. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, mweupe, hauna mng'aro hata kidogo. Vitu vimo vichache: sanduku la njumu, samadari, sahani mbili tatu ndani ya vidaka, mlango wa kuchonga. Na bado ukisimama mle unateremsha sauti bila kuambiwa. Kinachokuteremsha sauti ni ukuta uliotulia, dari iliyo juu, kivuli, na vitu ambavyo kila kimoja kimepewa nafasi yake. Hayo manne hayauzwi kwa roli, na habari njema ni kwamba mengi yake ni kazi ya mikono kuliko ya pesa.

Sasa tuje kwenye unga mweupe, maana hapa ndipo mmepoteza ndoo tatu za rangi.

Unaijua kandili. Utambi umechovya mafuta chini, na mafuta yanapanda wenyewe mpaka kwenye moto bila mtu kuyapandisha. Ukuta wako unafanya hivyohivyo. Tofali na plasta vimejaa vijitundu vyembamba visivyoonekana, na maji ya ardhini yanapanda humo taratibu mpaka pale yanapopata hewa ya kutosha kukauka. Kwenu ni magotini. Maji hukauka na kwenda zake, lakini chumvi iliyokuwemo haina pa kwenda. Inabaki nyuma ya rangi, inaota fuwele, na fuwele zikikua zinaisukuma rangi nje kama mche unavyoinua udongo. Huo ndio unga wako.

Na nyumba yenu ina mzigo wa pili. Mchanga wa pwani aliotumia marehemu, kama walivyofanya wengi enzi zile, ulikuja na chumvi yake mwenyewe. Umeona chumvi ya jikoni inavyoloa ndani ya kopo wakati wa masika mpaka tunatia punje za mchele? Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, na masika ya kwetu hupita hapo siku nyingi. Kwa hiyo ukuta wako unaweza kuloa bila bati kuvuja wala bomba kupasuka. Unakunywa hewa. Kipupwe kikiingia unakauka, fuwele zinaota, rangi inabambuka. Mwaka unaofuata tena.

Ukiliona hilo utaelewa kwa nini kila kilichofunika ukuta kimeshindwa. Rangi ya mafuta, stika, vigae, simenti ya kuzuia maji, vyote vinaziba mdomo wa kutokea maji. Maji hayasimami kwa sababu umeziba. Yanapanda juu zaidi kutafuta mahali pengine pa kutokea. Fundi wako akibandika vigae mpaka kiunoni, usishangae masika mawili baadaye rangi ikianza kubambuka kifuani. Simsemi vibaya, kwani simenti ya kuzuia maji ina kazi yake, kwenye tangi na bafuni. Ila kwa ukuta unaovuta maji kutoka chini, dawa hiyo inahamisha ugonjwa badala ya kuutibu.

Nami sisemi kama mtu ambaye hajapatikana. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilipewa ukumbi wa kupamba huko Mkoani, nami nikabandika karatasi za ukutani zenye maua ya dhahabu juu ya ukuta niliouona umekauka. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, kila kitu kimekauka. Wenyewe walifurahi, nikalipwa, nikapanda boti nikarudi Unguja. Mwezi wa Mei nikapigiwa simu. Nilipokwenda na kuvuta kona moja ya karatasi, ilikuja yote kwa mkono mmoja, na nyuma yake palikuwa na kuvu nyeusi yenye harufu ya gunia lililolala na maji. Bibi wa nyumba ile alikuwa na pumu. Nilirudisha pesa, na tangu siku hiyo sibandiki kitu ukutani kabla ya kufanya kipimo ninachokupa sasa.

Chukua vipande viwili vya nailoni nyeupe inayoonyesha, futi moja kwa futi moja. Kimoja kibandike ukutani usawa wa ugoko, kingine usawa wa bega, na uzibe kingo zote nne kwa solotepu. Acha siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta umande upande wa nje tu, unyevu ni wa hewani na unachohitaji zaidi ni upepo: madirisha kufunguliwa asubuhi, makochi kuvutwa mbali na ukuta. Kwa maelezo yako natarajia cha chini kitaloa ndani na cha juu kitakuwa kikavu. Kikiwa hivyo, endelea nami. Kama vyote viwili vimeloa ndani, au kipo kimoja kinacholowa sana sehemu moja tu yenye bomba nyuma yake, simama hapo uite fundi bomba kwanza.

Kazi inaanzia nje ya nyumba. Zunguka uone udongo umefika wapi. Nyumba nyingi za zamani, udongo wa nje umepanda mwaka hadi mwaka kwa kufagia, kulima maua na kumwaga takataka, mpaka umekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Uchimbe mpaka ushuke angalau shubiri moja chini ya sakafu, na uufanye mteremko wa kukimbiza maji mbali. Maji ya bati yasidondoke msingini. Maji ya kufulia yasimwagwe pale. Hili halina gharama isipokuwa jembe na kijana mmoja, na pengine ndilo litakalofanya kazi kubwa kuliko yote nitakayokwambia.

Ndani, kwangua rangi yote iliyolegea. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo lowesha kidogo unapokwangua ili vumbi lisiruke, funga pua na mdomo, na watoto na wenye mimba wasiwepo. Unga mweupe wenyewe usiuoshe kwa maji, kwa sababu utaurudisha ndani. Usugue kwa brashi kavu, uukusanye kwenye karatasi, ukautupe mbali. Kisha gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Inayolia kama debe tupu imeachana na tofali, hiyo ibomoe mpaka kiasi cha nusu mita juu ya alama ya unyevu. Inayolia kama jiwe iache.

Kuvuta chumvi iliyobaki kuna njia ya kienyeji na ya kitaalamu kwa pamoja. Loweka magazeti ya zamani katika maji safi usiku kucha, yaponde yawe kama uji mzito, uyapake ukutani unene wa kidole. Yakikauka yataanguka au utayabandua, na chumvi itakuwa imehamia humo. Rudia mara mbili au tatu. Ni kazi ya kuchafuka, watoto wataipenda.

Palipobomolewa usirudishe simenti. Piga plasta ya chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa shimo ulioangaliwa kuwa safi, na wa pwani hata kijiko usiguse. Ipigwe kwa tabaka jembamba, kiasi cha sentimita moja kwa mara, na kila tabaka liwekwe unyevunyevu siku kadhaa kwa kunyunyizia maji na kufunikwa gunia, kwani chokaa ikikaushwa haraka inapasuka. Hapa ndipo miezi yako mitatu inapohitajika, na bahati yako kipupwe ndio hicho kinaingia. Plasta hii itapitisha maji na hewa. Chumvi iliyobaki itatoka kupitia kwayo badala ya kuivunja, na baada ya miaka ukiona imechoka unaibandua na kupiga nyingine. Kazi yake ni kujitoa mhanga ili tofali lipone.

Sasa siri ya kuifanya kasoro hii iwe pambo. Usijaribu kuufanya ukuta mzima ufanane. Ugawe. Juu, rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe iliyotulia kama tui la nazi. Chini, kutoka sakafuni mpaka kiasi cha sentimita 90 au mita moja, mkanda wa chokaa iliyotiwa rangi. Ukuta wenye mkanda wa rangi ya pili chini si mgeni kwetu, umeuona kwenye nyumba za wazee. Mgeni atadhani ulikusudia tangu mwanzo, na kila mwaka baada ya masika utaupaka upya mkanda peke yake kwa asubuhi moja.

Chokaa nunua iliyokwisha kuzimwa kwa maji, usijizimie mwenyewe nyumbani. Ile mbichi ikikutana na maji inachemka na kuruka. Hata iliyozimwa inaunguza, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi na uende hospitali, usisubiri kuona kama itapoa. Ichanganye iwe nyepesi kama maziwa, ichuje kwa kipande cha chandarua, nyunyizia ukuta maji, kisha paka. Ukishapaka utaona hakuna kitu, kama umepaka maji ya mchele. Wengi hapa hushtuka na kupaka nzito, halafu chokaa inapasuka na kutoa unga. Subiri. Ikikauka inafunguka, inakuwa nyeupe, na kesho yake inazidi. Paka mara nne au tano, siku moja mkono mmoja. Inachofanya muda wote huo ni kuvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, jiwe lilelile la matumbawe lililochomwa tanuuni.

Rangi ya kutia ni ile ya unga wanayotia kwenye sakafu za simenti, nyekundu au ya manjano. Tia kidogo, jaribu kwenye ubao, na usihukumu mpaka ikauke, maana hupauka sana. Chokaa haiwezi kutoa rangi nzito. Ukitaka rangi ya karafuu iliyokauka hutaipata, utapata waridi la tofali au mchanga uliolowa. Zote mbili zinapendeza. Na jambo moja zaidi, chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki, kwa hiyo sehemu yote ya mkanda lazima ikwanguliwe mpaka plasta ionekane.

Mstari unaogawa rangi mbili ndio utakaoamua kama kazi imetoka mkono wa fundi au wa mtu na haraka zake. Usiupime kutoka sakafuni, sakafu zetu hazilingani. Mwombe fundi mwashi mpira wake wa maji wa kupimia usawa, ule unaoonyesha ndani, muweke alama kona zote nne, mvute uzi uliopakwa chaki, muuachie upige ukuta. Binti ashike ncha moja. Nimeona vyumba vya pesa nyingi vikionekana rahisi kwa sababu ya mstari uliopinda kama mkia wa panya.

Sitakuficha kasoro ya chokaa: inaacha unga kwenye nguo. Wakija kinamama na mabuibui meusi wakaegemea ukuta, watatoka na migongo meupe, na hiyo ndiyo habari itakayosafiri mpaka Wete. Kwa hiyo pale watu watakapokaa chini na kuegemea, simamisha mkeka mrefu ukutani, umeegemezwa kwenye vipande vyembamba vya mbao ili hewa ipite nyuma. Mkeka unapumua, unafunika mgongo, na unapendeza kuliko stika yoyote niliyowahi kuona.

Na hapa, dada yangu, nina ugomvi kidogo na watu wa Pemba. Mnakaa juu ya hazina mnanunua maua ya plastiki. Watu wanavuka maji kufuata mikeka ya kwenu, wewe una jirani anayesuka. Nenda kwake wiki hii, si mwezi ujao, maana ukili hauharakishwi. Mwagize mkeka mmoja mkubwa, wa kufunika karibu sakafu yote ya katikati, rangi mbili tu, miyaa ya asili na nyeusi au na zambarau. Mkubwa mmoja. Mikeka midogo minne inakikata chumba vipande vipande na kukifanya kidogo, mkubwa mmoja unalipa jicho nafasi ya kutembea. Hali kadhalika kawa: zile kawa za kufunikia chakula ambazo mnazitundika jikoni, chagua tatu za ukubwa tofauti, zitundike ukutani kwa karibu karibu, katikati ya kundi iwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kwa mgeni wa Unguja hiyo ni picha ya bei mbaya.

Taa ndiyo nusu ya pili ya kazi. Taa moja ya katikati, nyeupe ya buluu, inafanya mambo mawili mabaya: inaua vivuli vyote na kila mtu anaonekana ametoka kuumwa. Kwenye boksi la taa angalia namba inayofuatiwa na herufi K. Yako bila shaka ni 6500. Nunua 2700 au 3000, ni mwanga wa manjano kidogo, karibu na ule wa kandili. Ya katikati ibadilishe, lakini jioni ya wageni uizime kabisa na uwashe tatu za chini, mbili kwenye kona na moja juu ya kabati. Kikapu cha miyaa kilichopinduliwa kinakuwa kifuniko kizuri sana cha taa, kinamwaga vitone vya mwanga ukutani, alimradi balbu iwe ya LED isiyochoma na isigusane na majani. Zile za utepe zinazobadilika rangi zisirudishwe dukani. Ziwekwe kwenye rangi moja ya manjano, zifichwe juu ya kabati zikitazama dari. Hapo binti naye atapata lake, na dari itaonekana imepanda.

Ila waya usiucheze. Kuongeza soketi, kupitisha waya chini ya mkeka, kuunganisha taa mbili kwenye plagi moja inayopata moto, hayo si mambo ya kujifanyia, hasa katika ukuta wenye unyevu. Hapo lipa fundi umeme mwenye leseni, na umwonyeshe alama ya unyevu ilipofika.

Pazia ni rahisi. Fimbo usiiweke juu ya fremu ya dirisha, ipandishe mpaka karibu na dari, na itoke nje ya dirisha futi moja kila upande. Fito ya mvinje iliyonyooka, ikapigwa msasa na mafuta, inatosha na haishiki kutu kama bomba. Kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa fimbo na kifike sakafuni. Dirisha litaonekana kubwa mara mbili, na chumba kirefu kwa sababu jicho linapandishwa juu. Chukua marikani, ile nguo ngumu isiyopaushwa ambayo jina lake limetoka Marekani walikokuwa wakiileta Unguja karne ya 19. Ina uzito, inaanguka vizuri. Ifue kabla ya kushona, inarudi. Usije ukashawishika na bafta kwa kuwa ni rahisi na nyeupe. Bibi yeyote atakayeingia atasoma sanda, na furaha ya siku itaharibika kabla ya kahawa.

Makochi yafunike kwa kitambaa cha rangi moja, mito iwe na nakshi ikiwa lazima. Yavute shubiri moja kutoka ukutani, ukuta ukauke na chumba kionekane kipana, ajabu ni kwamba yote mawili hutokea. Kama utatumia kanga kwenye mito, soma jina kwanza. Nilikuta nyumba moja mto umeandikwa "Hasidi hana sababu", umewekwa sawasawa mgongoni mwa mama mkwe. Kioo, kama unacho kikubwa, kiwe kimoja, kikae ukuta wa pembeni mwa dirisha ili kirudishe mwanga, na nyuma yake gundisha vizibo vya chupa kwenye kona kisiguse ukuta, la sivyo unyevu utakila madoa meusi kingoni. Maua ya plastiki yatoe yote. Siku yenyewe weka asumini na mkadi kwenye bakuli la maji, na chetezo cha udi robo saa kabla ya wageni, madirisha wazi.

Kwa laki tano hizo mimi ningegawa hivi, nawe urekebishe kwa bei za kwenu: laki moja na nusu kwenye ukuta, pamoja na posho ya mwashi siku za plasta, laki na ishirini kwa mkeka na kawa, laki moja kwa pazia na vitambaa vya makochi, elfu 80 kwa taa na fundi umeme, na hamsini iliyobaki ifungie kwenye leso, maana nyumba ya harusi haikosi cha ghafla. Dari ya jipsamu sikuitia kwa makusudi. Ni nzuri juu ya bati lisilovuja hata tone, lakini ikinywa maji mara moja inavimba na kuacha doa kama ramani, na kuifanya vizuri kunazidi fungu lako lote.

Kuna dalili ambazo ukiziona uache brashi chini kabisa. Ufa unaopanda kwa mshazari na kuingia kidole kidogo, au unaoongezeka. Uweke alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake uone baada ya wiki tatu. Madoa ya kutu yanayotoka kwenye nguzo au linta, zege linabanduka na nondo inaonekana: chumvi ya mchanga wa pwani inaila nondo, na nondo ikiota kutu inavimba na kulipasua zege. Dari iliyotumbukia. Kwa lolote katika hayo, mtafute mhandisi wa majengo aje aone kwa macho yake, na harusi ihamishiwe ukumbi mwingine ikibidi. Hata mimi siwezi kuyapima kwa barua. Na kwa msomaji mwingine anayenifuata akiwa na nyumba ndani ya Mji Mkongwe, usibomoe plasta wala kugusa mlango kabla ya kwenda kuuliza Mamlaka ya Hifadhi, mji ule uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na una taratibu zake.

Zimebaki zile roli mbili za stika ambazo binti ameshazilipia. Mwambie asizitupe. Zinashika vizuri sana kwenye mbao kavu iliyopigwa msasa: juu ya meza ya kahawa iliyochoka, ndani ya mgongo wa kabati la vyombo nyuma ya sahani, na kwenye chano cha kupelekea sherbeti. Akate kwa wembe mpya na rula, aanzie katikati akisukuma hewa kwenda kingoni kwa kitambaa. Aanze na chano. Akikosea, ni kidogo, na ataweza kurudia.